Vimashua vya sabuni, kafuri na pilipili manga juu ya maji: maswali yanayoulizwa sana

Haya ni maswali ambayo walimu wenzangu wa sayansi hapa Tanga, wazazi na wanafunzi wenyewe huuliza kila inapofika mada ya sifa za maada fomu wani. Kimashua ni kipande cha boksi chenye umbo la mashua, unakilaza juu ya maji, ukigusa sabuni nyuma yake kinakimbia mbele. Majaribio yenyewe hayahitaji maabara, yanahitaji beseni na vitu vya dukani. Ila kabla hujaanza chochote shika hili moja, kifaa kikubwa kuliko vyote hapa ni maji yenye uso msafi. Ukikosa uso msafi hata uwe na sabuni nzuri kiasi gani hakuna kitakachosogea, na majibu mengi huko chini yanarudi hapohapo.

Mvutano wa uso wa maji ndo nini, kwa lugha ya kawaida?

Molekuli za maji zinavutana. Iliyoko katikati ya beseni inavutwa na wenzake pande zote, ila ile ya juu kabisa haina wenzake upande wa hewani, kwahiyo uso mzima wa maji unajikaza, unataka uwe mdogo kadri inavyowezekana. Ndo maana tone la mvua linajikunja kuwa duara, na ndo maana wembe ukiulaza taratibu unakaa juu ya maji wakati chuma ni kizito kuliko maji.

Kwa namba: maji safi ya nyuzi 20 yana mvutano wa kama milinyutoni 73 kwa kila mita. Yaani chora mstari wa mita moja juu ya maji, kila upande unauvuta huo mstari kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 7 na kidogo. Maji yakipata joto inapungua, kwa nyuzi 30 za huku kwetu ni kama 71. Maji ya sabuni ya kuoshea vyombo yanashuka mpaka 30 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Hiyo tofauti ya 71 na 30 ndo injini ya kila kitu kwenye ukurasa huu.

Kimashua kinaenda mbele kwa sababu sabuni inakisukuma kutoka nyuma, si ndiyo?

Hapa wengi wanateleza, na ukiwaacha wanafunzi wanaondoka na picha ya roketi kichwani, kwamba sabuni inatoka kwa kasi nyuma na kimashua kinarushwa mbele. Sivyo. Kabla hujaweka sabuni, maji ya mbele yanakivuta kimashua na maji ya nyuma yanakivuta kwa nguvu ileile, kwahiyo kimetulia. Ni kuvuta kamba, timu mbili zimelingana. Ukigusa sabuni nyuma, timu ya nyuma inalegea, ya mbele haijaongeza chochote ila ndo inashinda. Kimashua kinavutwa na maji safi yaliyoko mbele yake.

Ukikutana na kitabu kinasema utando wa sabuni unasukuma usigombane nacho, kimahesabu ni kitu kilekile, tofauti ya pande mbili. Mimi nang'ang'ania neno kuvuta kwa sababu mwanafunzi akishika kwamba ni maji ya mbele yanayovuta, ataelewa mwenyewe kwanini kimashua kinasimama maji yakichafuka. Yule wa sukuma hataelewa, atakuja kukuomba umuongezee sabuni.

Hiyo nguvu ni kiasi gani? Inahesabika?

Inahesabika vizuri tu, na nakushauri uihesabu ubaoni kabla ya jaribio. Chukua kimashua chenye upana wa sentimita 2. Tofauti ya mvutano mbele na nyuma tuseme ni milinyutoni 40 kwa mita, yaani 0.040. Zidisha kwa upana wa mita 0.02, unapata nyutoni 0.0008. Ni ndogo sana, ni uzito wa gramu 0.08. Lakini kimashua cha boksi la dawa ya meno cha sentimita 4 kwa 2 kina kama gramu 0.24, ukigawanya unapata mchapuko wa zaidi ya mita 3 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa kitu kisicho na moto wala betri huo ni mchapuko wa kuondokea wa maana kabisa. Uhalisia utakuwa chini ya hapo, maana maji yanakikokota na sabuni haikai nyuma tu, inatambaa mpaka ubavuni. Waache wanafunzi waone tofauti ya hesabu na kipimo halafu wajadili imetoka wapi.

Nakitengenezaje?

Kata boksi jembamba (la dawa ya meno au la biskuti) umbo la mashua, mbele pamechongoka nyuma pamenyooka, urefu sentimita 4 hivi. Nyuma katikati kata kijipengo kidogo. Weka maji kwenye beseni au sinia kubwa, subiri yatulie kabisa, kilaze kimashua juu. Chovya ncha ya njiti ya kiberiti kwenye sabuni ya maji, gusa maji ndani ya kile kijipengo. Basi. Sabuni iwe kidogo sana, chembe, tone zima unaharibu beseni lote kwa mara moja.

Boksi ikilowa inazama, kwahiyo ipake nta ya mshumaa upande wa chini, au tumia karatasi ya alumini ya jikoni. Ukitaka kigeuke, weka kijipengo pembeni badala ya katikati. Watoto wa huku wameona ngalawa tangu hawajaanza shule, wape uhuru wabuni maumbo yao, wengine wataweka mpaka mrengu na hapo utaona maswali mazuri yanakuja yenyewe.

Mwalimu, kimekimbia mara moja tu kikagoma. Nimeongeza sabuni, hamna kitu!

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, na naomba mwalimu usilikwepe kwa kumwaga maji harakaharaka kabla wanafunzi hawajaona. Waache waongeze sabuni. Waone haisaidii. Halafu uliza kwanini.

Sabuni ikigusa maji haikai pale nyuma ya kimashua, inasambaa juu ya uso wote kwa sekunde chache, unene wake ni wa molekuli moja tu. Ikishafika mbele, maji ya mbele nayo yamelegea sawa na ya nyuma. Sabuni ipo, maji yapo, kimashua kipo, kilichoisha ni tofauti. Ukiongeza sabuni unaongeza pande zote.

Dawa yake ni kumwaga na kuanza upya, na beseni lisuuzwe mara kadhaa kwa maji mengi, likiwezekana ya moto. Beseni la kufulia nguo ndo adui namba moja, plastiki yake imekwaruzika na kwenye mikwaruzo sabuni inajificha. Sinia la bati au bakuli la kioo ni bora zaidi. Vidole pia. Watoto wa Pwani tunajipaka mafuta, ya nazi au losheni, mwanafunzi mmoja akichovya kidole kupima kama maji ni ya baridi kazi imeisha, mafuta yameshatandaa. Kwahiyo sheria ya kwanza kwenye darasa langu ni kwamba maji hayaguswi na mkono.

Kuna njia nyingine ya kusafisha uso bila kumwaga maji, na ina historia yake. Chukua kipande cha karatasi au bati chenye upana wa chombo chako, kilaze kiguse uso wa maji, kivute kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kinakokota uchafu wote kuupeleka pembeni. Hii aliitumia Agnes Pockels, dada wa Kijerumani wa mji wa Braunschweig aliyezaliwa 1862. Chuo kikuu kwa wanawake wakati huo kilikuwa kimefungwa, alikuwa nyumbani anawahudumia wazazi, na maji ya jikoni ndo yakawa somo lake. Alitengeneza chombo cha bati chenye ukanda wa kukokota uso wa maji, akapima mvutano ukibadilika kadri uchafu unavyobanwa au kuachiwa. Mwaka 1891 akamwandikia barua Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza, naye akaona uzito wake akaipeleka jarida la Nature ikachapishwa mwaka huohuo. Baadae Irving Langmuir wa Marekani akaendeleza chombo cha aina hiyo na mwaka 1932 akapata tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi za uso wa vitu. Msimulieni mabinti darasani habari za huyu mama, inafaa waijue.

Kafuri nayo inafanyaje? Mbona yenyewe haichoki haraka?

Kafuri ni jaribio tamu kuliko yote kwa maoni yangu. Vunja chembe ndogo, iwe ndogo kuliko punje ya mchele, idondoshe kwenye maji safi, itaanza kuzunguka na kukimbia yenyewe kama ina uhai. Ibandike nyuma ya kimashua cha karatasi ya alumini iguse maji kidogo, kitatembea dakika nyingi.

Tofauti yake na sabuni ni hii: kafuri inatandaa juu ya maji na kuyalegeza, lakini haibaki pale. Inapaa hewani (ndo harufu unayoisikia) na nyingine inayeyuka chini. Uso unajisafisha wenyewe, kwahiyo mbele ya kimashua kila wakati kuna maji yenye nguvu na nyuma kuna yaliyolegea. Tofauti haiishi mpaka kafuri iishe au uso uchafuke.

Halafu fanya hivi, ikiwa inazunguka vizuri gusa maji na kidole chenye mafuta kidogo. Inasimama papo hapo. Rayleigh mwaka 1890 alitumia hilihili kupima: alitafuta kiasi kidogo kabisa cha mafuta ya zeituni kinachotosha kuisimamisha kafuri kwenye beseni kubwa, akagawanya kwa eneo la maji, akapata utando wenye unene wa kama nanomita 1.6. Nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Kwa beseni na kafuri mtu alikuwa anakaribia kupima ukubwa wa molekuli moja, miaka hiyo ambayo kuna wanasayansi walikuwa bado wanabisha kama molekuli zipo.

Kafuri wengi wetu tunaijua kwenye shughuli za mazishi, kwahiyo kuna nyumba mtoto akienda na kafuri mkononi atashtua watu. Mwalimu nunua mwenyewe, iko kwenye maduka yanayouza sanda na ya dawa za asili, na ueleze darasani kwa heshima. Na iwe mikononi mwako, sio kwa mtoto, maana kafuri ikimezwa ni sumu, hata kiasi kidogo kinaweza kumletea mtoto degedege.

Vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini si ndo kafuri?

Vingi sio. Vingi ni nafthalini, inafanana kwa sura lakini haiyeyuki vya kutosha kwenye maji kuleta mwendo, utasubiri mpaka kengele ilie. Tena nafthalini ni hatari ya ziada kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, inaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu, na upungufu huo ni wa kawaida maeneo yenye malaria ya muda mrefu kama ukanda wetu wa Pwani. Viache kabatini.

Mwanangu karudi anasema pilipili manga inaogopa sabuni. Ni kweli?

Hapana mama, pilipili haina habari. Ukinyunyiza pilipili manga ya unga juu ya maji halafu ukagusa katikati na sabuni, unga wote unakimbilia pembeni, lakini kinachosafiri ni uso wa maji wenyewe. Pale ulipogusa pamelegea, maji ya pembeni bado yana nguvu, yanauvuta uso kuelekea kwao na pilipili imepanda tu juu yake. Ukitaka kumthibitishia mtoto tumia vumbi la chaki au mdalasini wa unga, matokeo ni yaleyale. Unga ukishalowa unaweza kuzama, hilo ni la kawaida.

Na lile la maziwa na rangi?

Linapendeza kwenye vidio. Maziwa kwenye sahani, matone ya rangi ya chakula, gusa na kijiti cha pamba chenye sabuni, rangi zinatimka na kuendelea kujizungusha. Kwa kufundishia mimi naliweka nyuma kidogo, kwa sababu maziwa yana mafuta na protini ambazo tayari zimeshapunguza mvutano wake, na mzunguko wa baadae unatokana na sabuni kuendelea kushikana na mafuta, mambo mengi yamechanganyikana humo. Kwa darasa la tatu lifanye, watafurahi. Kwa fomu wani anza na uzi. Na maziwa yawe ya kijiko tu, chakula hicho.

Jaribio la uzi ndo lipi?

Nilitaka uulize. Funga uzi mwembamba wa kushonea uwe kitanzi, ulaze juu ya maji safi, utakaa ovyo umejikunja. Gusa maji ndani ya kitanzi na ncha yenye sabuni. Kitanzi chote kinafunguka ghafla kuwa duara kamili. Nje maji yana nguvu, ndani yamelegea, kila sehemu ya uzi inavutwa nje kwa nguvu sawa. Kama una dakika tano tu na darasa la watoto wengi, fanya hili.

Je nikitumia maji ya bahari? Tunakaa karibu na Raskazone.

Chumvi yenyewe haina shida, inaongeza mvutano kidogo sana. Shida mbili ziko kwingine. Kwanza maji ya ufukweni, hasa yanapoegesha mashua na boti, mara nyingi yana utando wa mafuta au wa vitu vya asili, uso si msafi tena. Pili ni aina ya sabuni. Sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya bahari, kila mtu aliyewahi kuoga baharini anajua, kwa sababu kalisiamu na magnesiamu zinaikamata na kuigeuza utando mweupe usio na kazi. Sabuni ya maji ya vyombo haikamatwi hivyo kirahisi, kwahiyo tumia hiyo. Jambo hilohilo linatokea na maji ya visima vya maeneo ya mawe ya chokaa, na upande wa Amboni kwenye mapango yale ni chokaa tupu. Kama maji yako ya kisima yanagoma kwa sabuni ya mche, jaribu ya mvua.

Wale wadudu wanaotembea juu ya maji nao wanatumia ujanja huu?

Wale wenye miguu mirefu, hapana. Mvutano unawabeba wasizame lakini mwendo ni wa kupiga makasia kwa miguu. Kuna wa jamii hiyo, Halobates, wanaoishi mpaka bahari kuu. Wanaotumia ujanja wa kimashua wapo ila ni wengine: kuna mbawakawa wadogo wa jenasi Stenus, wakiangukia kwenye maji wanatoa kemikali kwa nyuma, maji ya nyuma yanalegea, wanavutwa mbele kwa spidi kubwa mpaka nchi kavu. Wadudu wadogo wa juu ya maji waitwao Microvelia pia, wakikimbia hatari.

Spirit nayo inafanya kazi?

Sana, lakini kwa mkono wa mwalimu. Tandaza maji membamba kwenye sahani nyeupe, yatie rangi, dondosha tone moja la spirit katikati. Maji yanakimbia na kuacha doa kavu, kwa sababu alkoholi ina mvutano wa 22 tu. James Thomson aliieleza hii mwaka 1855 akiangalia matone yanayopanda kwenye kuta za glasi ya mvinyo, alkoholi inapaa upesi pembeni, mvutano pale unapanda, unavuta kinywaji juu. Muitaliano Carlo Marangoni akaandika tasnifu yake Pavia mwaka 1865 na jina lake ndo likabaki kwenye mwendo wa namna hii. Spirit inawaka na ya viwandani ina methanoli, sumu, kwahiyo hakuna kiberiti karibu na hakuna kuonja.

Mafuta yanatuliza bahari, hiyo nayo ni hii?

Ni ndugu yake. Benjamin Franklin alimwaga kijiko cha chai cha mafuta kwenye bwawa la Clapham, London, yakatandaa haraka mpaka kama nusu ekari ikawa shwari, akachapisha habari hiyo 1774. Mafuta yanatandaa kwa kuvutwa na maji safi yaliyoyazunguka. Chukua kijiko cha mililita 3 gawanya kwa mita za mraba 2,000, unapata nanomita 1.5. Angalia tena namba ya Rayleigh pale kwenye kafuri. Franklin hakuifanya hiyo hesabu, wanafunzi wako wanaweza kuimaliza kwa dakika mbili.

Nifanyeje isiwe mchezo tu, iwe fizikia? Nina wanafunzi sabini na hakuna maabara.

Tafuta bomba la plastiki la mvua, lipasue katikati kwa urefu, ziba ncha, unapata mfereji wa mita moja. Weka alama kila sentimita 10, rekodi kwa simu ukiwa umeishika kutoka juu, halafu rudisha vidio taratibu mwanafunzi asome sekunde. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: upana wa nyuma, uzito, aina ya sabuni. Kila mzunguko maji mapya, ila kundi lirekodi pia mzunguko mmoja kwa maji yaliyokwishatumika ili kupungua kwa spidi kuonekane kwenye grafu.

Kwa sabini gawa makundi ya watu saba, kila kundi sinia lake na mtu mmoja tu wa kushika sabuni. Ndoo ya maji safi iwe upande mmoja wa darasa na ya maji machafu upande mwingine, zisikutane, na kikombe cha kuchotea kisiwe kile kilichooshwa asubuhi na sabuni.